Masika Bila Testi za Ijumaa

Jumapili, 2 Machi 2025

Dada Fatuma, uliponikabidhi daftari hili stendi ya Msamvu ulisema hutaki barua nzuri, unataka siku zenyewe, maana mwezi wa saba utasimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza na hujui shule inaonekanaje kutoka upande wa dawati. Basi nakuahidi sitaficha kitu. Hata yale ambayo nikiyaandika nitatamani kuichana karatasi, sitaichana. Likijaa, au masika yakiisha, nitalituma huko chuoni kama lilivyo.

Habari kubwa ni hii. Shule yetu imefuta testi za Ijumaa na mitihani ya kila mwisho wa mwezi. Umebaki mtihani mmoja tu wa kufunga muhula, na matokeo yake hayatakuwa na nafasi. Hakutakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu Mkuu Gabrieli alitangaza mstarini kwamba ni majaribio ya muhula huu mmoja, wazazi wataamua mwezi wa tano kama yaendelee. Mitihani ya taifa iko palepale, alisema, asije mtu akadhani kidato cha nne kimefutwa.

Darasa zima lilishangilia. Mimi nilipiga makofi kidogo. Wewe unajua kwa nini.

Jumatatu, 3 Machi

Salimu aliniuliza mbele ya watu, "Shadya, sasa utakuwa namba moja wa nini?" Wakacheka. Nilicheka pia.

Jumanne, 4 Machi

Badala ya testi tumepewa kazi za muhula mzima, wanafunzi wawiliwawili. Mwalimu Lucy wa jiografia, ambaye ndiye mwalimu wetu wa darasa, aligawa jozi mwenyewe. Nimepewa Nasra.

Humjui. Anatoka juu mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na anavuka mto. Muhula uliopita alikuwa wa hamsini na tano kati ya hamsini na wanane. Kila Alhamisi jioni tumbo lilikuwa linamshika, na Ijumaa haji. Mwezi wa kwanza shule ilipofunguliwa hakurudi kabisa. Mwalimu Lucy alipanda mlima kumfuata, akakuta mjomba wake ameshaamua. Kwao kama kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na wake, Mzee Pazi, alikuwa amepanga Nasra aende Mlali kwa ndugu yao, akalee watoto na kupalilia bustani ya nyanya. Mwalimu alimwambia testi za Ijumaa zinafutwa. Mzee Pazi akajibu, "Basi nampa muhula mmoja. Ukiisha nije nione mwenyewe alichokipata. Nisipoona kitu, Mlali."

Haya yote kaniambia Nasra mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akichonga penseli. Kazi yetu ni kupima mvua ya masika. Yeye juu, mimi hapa Mkuyuni. Chupa ya maji iliyokatwa shingo, rula, na daftari. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Nilijisemea moyoni, nimebebeshwa mzigo. Nimeahidi kuandika yote, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza ya kupima. Juu milimita nane. Kwetu tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ya kwanza bila testi tangu kazi zianze. Nilikaa darasani nikihisi nimesahau kitu nyumbani. Nasra alikuja. Alikula hata kashata wakati wa mapumziko, akasema, "Kumbe Ijumaa ina ladha," halafu akakumbuka nimefunga, akaifunika kwa kiganja na kuniomba radhi. Yeye alikuwa kwenye siku zake.

Jumapili, 9 Machi

Baba anahangaika. Unajua ukuta wa chumba chake cha cherehani, alivyobandika matokeo yangu kuanzia darasa la tano hadi mteja anayepimwa suruali hana pengine pa kutazama. Leo Mzee Raphael alikuja kuchukua koti lake akauliza, "Fundi, mbona Februari haijabandikwa?" Baba akasema imechelewa. Hakusema imefutwa. Mzee Raphael alipoondoka Baba alinigeukia.

"Sasa mimi nitajuaje kama unasoma?"

"Uniulize, Baba."

"Nikuulize nini? Mimi nimeishia darasa la saba."

Jioni alirudi kutoka sokoni na kitabu cha mitihani iliyopita.

Jumatano, 12 Machi

Baba kanitungia mtihani. Maswali ishirini ya kemia, amenakili kwa mkono kutoka kwenye kile kitabu, pamoja na namba za kurasa. Nilipata matatu. Alisikitika sana hadi tulipogundua karatasi ya majibu aliyotumia ni ya fizikia.

Leo asubuhi sikuamka kupima. Baada ya daku usingizi ulinizidi. Nilipofika shule Nasra alisema, "Juu thelathini." Nikaandika ishirini na nane kwetu. Mvua ni ileile.

Jumatatu, 17 Machi

Sikupima. Nasra arobaini. Nimeandika thelathini na sita.

Jumanne, 18 Machi

Vilevile.

Jumatano, 26 Machi

Leo sina budi kumsifu Mwalimu Lucy. Zamani somo lilikuwa dakika arobaini za kunakili ubaoni kwa haraka, kwa sababu Ijumaa inakuja. Leo alitumia somo zima kwenye swali moja la Furaha, yule anayekaa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akiuliza chochote: kwa nini maji ya mto wetu ni mekundu wakati mvua ni nyeupe. Tulitoka nje na viatu vyenye matope, tukachota udongo wa sehemu tatu, tukautia majini. Mwalimu alisema, "Nilikuwa nayajua maswali yangu tu. Ya kwenu sikuwa na muda nayo." Kisha akakaa kwenye jiwe akiangalia ndoo kama mmoja wetu.

Dada, ukifundisha, kaa kwenye jiwe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi njema. Mvua kutwa. Nguo mpya zimelowa zote.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumerudi kutoka likizo fupi. Nasra ananisimulia mambo ya juu kama mtu anayesimulia ndugu zake. Anajua wingu litakalofika na litakalogeuka. Anasema siku chupa yake ikipita milimita arobaini, mto hujaa mchana, hata kama huku Mkuyuni jua linawaka. Nilimwambia aliandike hilo. Akasema, "Si kila mtu anajua?" Mimi nimekulia hapa na nilikuwa silijui.

Ijumaa, 25 Aprili

Mto umejaa. Wanafunzi wa ng'ambo hawakuja.

Jumatatu, 28 Aprili

Nasra hajaja siku ya pili. Salimu kasema, "Tumbo limerudi." Nikamwambia, "Mdomo wako ndio ungejaa maji ukatuacha tupumzike." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Darasa liliguna.

Jumatano, 30 Aprili

Amekuja! Kavuka kwa kuzunguka njia ya juu, saa tatu kwa miguu, sketi imelowa hadi kiunoni. Daftari la mvua alilivalisha mifuko miwili ya plastiki na kulifunga kichwani kwa kanga. Jana walimzika jirani yao, akasema, na mvua kama ile ilikuwa haijapata kuonekana. Mwalimu Lucy alimpa sweta yake. Nasra alikaa nayo siku nzima mikono ikiwa imeingia ndani, akisikiliza.

Jumapili, 11 Mei

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka ukurasa.

Wazazi wanakuja Jumamosi. Kila jozi itabandika kazi yake, wataitazama, kisha watapiga kura. Nasra alishuka leo kuja kuchora chati hapa nyumbani. Mama alitupa mihogo, Baba akatukatia karatasi ya manila kwa mkasi wake wa kitambaa ili kingo zinyooke. Mimi nilikuwa nachora, Nasra ananisomea tarehe na vipimo vyake.

"Tarehe kumi na tatu mwezi wa nne, kumi na tisa. Kumi na nne, sijui. Kumi na tano, saba."

Kalamu yangu ilisimama. "Sijui ni ngapi?"

"Sijui ni sijui. Mbuzi wa mjomba aliangusha chupa."

Nikalichukua daftari nikaangalia. Mwandiko umepinda, herufi nyingine kubwa nyingine ndogo, na ndani yake mara tano limeandikwa neno hilohilo. *Sijui, mbuzi. Sijui, nilikuwa na homa. Sijui, chupa ilivuja. Sijui. Sijui, watoto waliichezea.*

"Kwa nini hukukisia?" nikamuuliza. "Ungeangalia siku iliyotangulia na iliyofuata."

Akanishangaa kweli, si kwa kunisuta. "Nikisie vipi mvua ambayo sikuiona?"

Dada, kumbuka tulivyofundishwa tangu shule ya msingi: usiache nafasi wazi, andika chochote, huenda ukapata. Mimi ni hodari wa hilo. Sijawahi kuacha nafasi wazi maishani mwangu. Kwenye daftari langu hakuna hata siku moja iliyokosekana, na siku tisa ni za uongo. Sikuziandika kwa ubaya. Mkono wangu ulikutana na nafasi tupu ukaijaza, kama ulivyozoezwa.

Sikumwambia Nasra. Nilisema kichwa kinaniuma, tutamaliza kesho. Alikula muhogo wa mwisho, akaaga kwa adabu, akapanda mlima. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, na nikawaza kwamba yule anayetembea pale, wa hamsini na tano, ana daftari bora kuliko langu.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimwambia Mwalimu Lucy. Nilidhani atanikemea, na nilitaka anikemee. Akaweka chaki chini.

"Tisa?"

"Tisa, Mwalimu."

"Unazikumbuka tarehe?"

"Zote."

"Basi daftari lako bado linaweza kupona." Alifikiri kidogo. "Lakini mimi sitakuamulia. Chati ni ya watu wawili. Zungumza na mwenzio."

Jumatano, 14 Mei

Leo tumepima kwa mara ya mwisho. Siku sabini na moja. Nilimwambia Nasra chini ya ukingo wa paa la darasa, mvua ikipiga bati hadi ilibidi nipaze sauti kukiri. Nikasema tuzifute siku zangu tisa, tuache nafasi wazi, pamoja na tano zake. Nafasi kumi na nne.

Uso wake ulibadilika. Sikutarajia.

"Usifute."

"Lakini ni uongo, Nasra."

"Mjomba hasomi. Ataona karatasi tu. Akiona ina matundu kama kanga iliyoliwa na mende, atasema ndicho nilichokipata shuleni." Aliukamata mkono wangu. "Za kwangu pia zijaze. Tafadhali. Wewe unajua kujaza."

Lile neno lake la mwisho limenikaa hapa kifuani. Hakulisema kwa kunichoma. Alilisema kama mtu anayeomba msaada kwa fundi.

Nikamwambia nitajaza. Ningemwambiaje hapana? Kwangu mimi ni aibu tu. Kwake yeye ni Mlali.

Alhamisi, 15 Mei

Nimejaza. Chati ni nzuri sana.

Ijumaa, 16 Mei

Leo, Ijumaa, Nasra hakuja mpaka saa nne. Nilidhani tumbo. Alipoingia alikuwa na wembe mdogo wa kuchongea penseli. Mwalimu Lucy alikuwa ofisini. Nasra akaitandaza manila juu ya meza, akaanza kukwangua wino, taratibu, tarehe moja baada ya nyingine, bila kutoboa karatasi.

"Nasra, mjomba wako?"

"Nimeshindwa," akasema. Hakuinua kichwa. "Jana nilimwambia kazi imekamilika. Akaniuliza, 'Na siku ile ya mbuzi mliweka ngapi?' Anaikumbuka, Shadya! Nikamwambia kumi na moja. Tangu hapo hajanisemesha."

Akafika kwenye siku zangu. Akanipa wembe. "Hizi zako. Kwangua mwenyewe."

Nilikwangua. Karatasi ilibaki na mabaka kumi na manne. Halafu, kwa kalamu ya kawaida, ndani ya kila baka, tukaandika sababu. Kwenye tisa zangu niliandika: *Shadya hakupima.*

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika polepole, nisikose kitu.

Wazazi walijaa madarasa mawili yaliyofunguliwa ukuta wa kati. Mwalimu Mkuu alieleza. Mzee Raphael akasimama wa kwanza. "Mheshimiwa Mkuu, mwanangu alikuwa wa ishirini na mbili. Nilikuwa najua nimkemee kiasi gani. Sasa nimkemee kwa kipimo kipi?" Watu walicheka mpaka Mwalimu Mkuu akafuta macho. Lakini wengi waliitikia kwa vichwa. Mama mmoja akasema mtoto wake siku hizi haamki alfajiri kusoma, na hilo ni kweli kwa baadhi yetu, siwezi kulikana. Mwingine akasema wa kwake sasa anamuuliza maswali hadi anakimbilia jikoni.

Kisha wakapita kwenye kazi. Walipofika kwetu wakasimama. Nikasikia, "Huyu si mtoto wa fundi? Yule wa kwanza?" na mwingine, "Wa kwanza kwa kutopima." Baba alikuwa nyuma yao. Alisoma mabaka yote tisa. Kisha akainamisha kichwa.

Mzee Pazi aliingia mwisho, mfupi, koti la suti juu ya kikoi, mabuti yana matope ya juu, ambayo ni mekundu kuliko ya kwetu. Nikampigia magoti, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Hakumtazama Nasra. Akaiangalia chati kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye baka.

"Hapa pana nini?"

Nasra akajibu. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa nne. Sijui, mjomba. Mbuzi aliangusha chupa."

"Ulisema kumi na moja."

"Nilisema uongo."

Kidole kikasogea. "Na siku tuliyomzika Mzee Kibena?"

"Tarehe ishirini na tisa. Sabini na nne. Chupa ilijaa nikaimwaga nikaanza upya."

"Kaburi lilijaa maji tukayachota kwa ndoo," Mzee Pazi aliwaambia watu, kana kwamba wameuliza. Kidole tena. "Na siku daraja la miti lilipochukuliwa?"

"Ishirini na nne. Hamsini na mbili. Huku Mkuyuni siku hiyo ilikuwa mbili tu. Ndiyo maana watu wa huku hawakujua, wakaingia mtoni mchana." Na hapo Nasra aligeuka, akawatazama wazazi wote. "Juu ikipita arobaini, watoto wa ng'ambo waruhusiwe mapema, kabla ya saa saba. Tumeandika hapa chini. Imetokea mara tisa, na mara nane mto ulijaa."

"Na ile ya tisa?" akauliza mzazi mmoja.

"Haukujaa. Sijui kwa nini."

Dada, alikuwa anahojiwa mbele ya watu zaidi ya mia, bila daftari, na hakuligusa tumbo lake.

Mzee Pazi aliendelea kumuuliza, siku sita au saba. Anazikumbuka kwa maziko, kwa mbegu, kwa ng'ombe aliyezaa. Nasra anazijua kwa tarehe. Zote zililingana. Mwishowe akamgeukia Mwalimu Lucy. "Karatasi zile za namba nilizokuwa naletewa, sikuwahi kuweza kuzihakiki. Hii nimeihakiki." Akamwambia Nasra, akimtazama sasa, "Mlali watatafuta mtu mwingine. Na yule mbuzi nitamfunga."

Kura zilikaribiana: sitini na nne waliunga mkono, hamsini na nane walikataa. Majaribio yataendelea hadi Desemba, ila wazazi wamedai mtihani mmoja wa katikati ya muhula urudi, bila nafasi. Mwalimu Mkuu alikubali. Nadhani ni haki.

Tulirudi nyumbani na Baba. Karibu na mlango akasimama. "Tarehe kumi na saba mwezi wa tatu," akasema. "Uliandika hukupima. Hata ungepima ungekuta chupa tupu. Niliona maji yametuama, nikadhani unafuga mbu, nikayamwaga." Akakohoa. "Ningeulizwa ningesema. Hakuna aliyeniuliza." Kisha akaniomba nimweleze, tangu mwanzo, namna rula inavyosomwa. Tulikaa kwenye benchi lake la cherehani hadi magharibi, yeye anayepima watu kila siku, ananiuliza kwa nini milimita na si sentimita. Sijawahi kumpenda hivyo.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imepungua. Daftari linakwenda leo kwa mke wa Mwalimu Gabrieli, anayesafiri kuja huko kwenu, naye atarudi Ijumaa.

Nasra alishuka asubuhi tusome pamoja, mtihani wa kufunga muhula unaanza Jumatatu ya tarehe ishirini na sita. Tulikuwa tunapitia maswali, akaniuliza kitu. Nilimjibu upesi, nikalifuta jibu langu, nikamjibu tena, nikalifuta. Nimemwambia nitakuuliza wewe, kwa kuwa karibuni utashika kalamu nyekundu.

Alichouliza ni hiki: mwanafunzi akifika kwenye swali asilolijua kabisa, na badala ya kukisia akaandika "sijui" na sababu yake, wewe Dada, ungempa nini? Usinipigie simu. Niandikie, umpe mke wa Mwalimu, jibu lifike kabla ya Jumatatu ile.